Shekhe Niliyemtunga

Mtu akitaka kuuona mji wetu wa kale kwa haki yake, aniulizie mimi. Sijisifu, ingawa kujisifu pia nakujua. Miaka ishirini na nne natembeza wageni kwenye vichochoro hivi, na watu wananiita Redio kwa sababu nikishawashwa sizimiki. Naanza nao Msikiti Mkuu, nawaonyesha mihrabu iliyochongwa na mafundi watatu wa ukoo mmoja, na nguzo ambayo wa mwisho wao aliiacha bila nakshi kwa sababu kifo kilimfika patasi ikiwa mkononi. Kisha tunakwenda msikiti mdogo, ule wenye mnara ulioinama. Mwisho nawapeleka kwenye makaburi ya watawala, kila mmoja na kuba lake, na sifa zake, na ugomvi wake na ndugu yake aliyelala kuba la pili. Hapo wageni hawabanduki. Watu wanawapenda sana wafu waliogombana.

Kati ya msikiti mdogo na makaburi ya watawala kuna uwanja wa makaburi ya watu wa kawaida, watu kama mimi na wewe. Hapo ndipo alipozikwa binti yangu.

Tulimwita Chiriku, maana mdomo aliurithi kwangu. Alikuwa na miaka sita. Kipindupindu kilimchukua kati ya alfajiri na adhuhuri, na siku hiyo mji ulizika watu kumi na moja. Baba yake alikuwa safarini, na safari yenyewe haijaisha mpaka leo. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa chokaa na ndiye anayekarabati misikiti yote hii, alimbeba mwenyewe, akamchimbia, akamlaza. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, kwa sababu kwetu mwanamke haendi na jeneza. Niliachwa na mkeka na kanga aliyokuwa amejifunika.

Wiki ya tatu nilipopata nguvu ya kusimama, nikamwambia mdogo wangu anipeleke. Alizungukazunguka na visingizio, leo ana kazi, kesho ana homa, mpaka nikamwambia nitakwenda peke yangu na nitauliza kila jiwe. Akanipeleka. Mvua zilikuwa zimepiga siku nyingi, uwanja mzima umesawazika. Tukafika ukutani, chini ya mwarobaini, akanionyesha jiwe moja la kichwani. La miguuni lilikuwa limezama. "Ni hili, Dada," akasema, akaenda kusimama mbali. Nikakaa pale mpaka jua likahama. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa nilipalilia pale, nikamwagia maji, nikamsimulia Chiriku habari za wiki nzima.

Sasa nije kwenye uongo wangu, maana huu ni uongo na sitauvika koti.

Upande wa pili wa uwanja, hatua kama ishirini kutoka kwenye mwarobaini, kulikuwa na kuba dogo ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Halina maandishi, halina tarehe. Wengine walisema ni mfanyabiashara, wengine wakasema ni mke wa mtu mkubwa. Wageni walipita pale kama unavyopita duka lililofungwa, wakaharakisha kwenda kwa watawala wao. Na mimi nikipita nao nilikuwa naungua. Mwanangu amelala hapa, hana anayemsomea hata Fatiha ila mama yake, na watu kutoka pembe zote wanampita wakipangusa jasho.

Siku moja mgeni, mama wa makamo, akaniuliza hapo kwenye kuba amelala nani. Nikafungua mdomo. Wallahi sikuwa nimepanga. Nikamwambia ni shekhe aliyefundisha watoto wa maskini bila malipo. Nikamwambia mafuta ya taa yalipokwisha, vidole vyake viling'aa, watoto wakamaliza somo kwa mwanga wa mkono wake. Na alipokaribia kufa aliusia azikwe katikati ya watoto. Yule mama akatoa leso akafuta macho, akainua mikono akaomba, na wenzake wote wakainua mikono. Waliomba hatua ishirini tu kutoka kwa Chiriku. Nilifurahi kama mtu aliyemnunulia mwanawe nguo mpya.

Basi nikarudia kesho yake, na keshokutwa. Nikamwongezea shekhe bakora, nikamwongezea mwanafunzi kiziwi aliyeponywa. Watembezaji wenzangu wakaona wageni wangu wanatoka pale na machozi, wao wanatoka na miayo, wakaiba hadithi. Ndani ya miaka mitano kina mama wakaanza kuleta watoto wanaoanza chuo cha Kurani waguse ukuta wa kuba. Imamu wa msikiti mdogo mwanzoni alinuna, akasema hamjui shekhe huyo. Baadaye nikamsikia kwa masikio yangu akimtaja kwenye hotuba ya Ijumaa, na vidole vyote kumi.

Mtu mmoja tu alijua ukweli tangu mwanzo, mdogo wangu. Nilimwambia jioni ileile, tukacheka mpaka chai ikapoa. Au nilicheka mimi. Yeye, nikikumbuka vizuri, aliniuliza tu kwa nini nimemzika shekhe katikati ya watoto.

Miaka ikapita ishirini na miwili. Mwaka jana ofisi ya uhifadhi ikabandika mpango wake kwenye mlango wa msikiti mdogo, nami nikausoma nikiwa na wageni tisa nyuma yangu. Kuba la shekhe litatengenezwa upya. Mbele yake itamwagwa sakafu pana ya zege ili wageni wasikanyage matope. Upande wa ukutani, kwenye mwarobaini, kitajengwa choo. Makaburi yenye wenyewe yadaiwe ndani ya mwezi mmoja, yahamishiwe makaburi mapya nje ya mji. Yasiyodaiwa yatasawazishwa.

Choo, juu ya Chiriku. Sikumbuki niliwaambia nini wale wageni. Nadhani niliwaacha hapohapo mlangoni.

Nikaenda ofisini. Mhifadhi ni kijana mpole, kasoma, ana miwani na adabu, na ndiyo maana nilishindwa hata kumtukana. Nikamwambia yote. Kwamba shekhe hayupo, hajawahi kuwapo, nimemtunga mimi kwa mdomo huuhuu, mbele ya mgeni, siku ya joto. Kwamba kama shekhe hayupo basi hakuna haja ya sakafu wala choo, na wafu waachwe walale. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili. Ndani mlikuwa na ushahidi wa wazee watatu, kila mmoja kaweka dole gumba. Akanisomea. Vidole vinang'aa. Bakora. Kiziwi kaponywa. Mzee wa tatu kaapa kuwa babu yake alimwona shekhe kwa macho yake mawili. Babu yake! Babu mtu alikuwa ameshaoza kabla mimi sijamzaa huyo shekhe.

"Mama," mhifadhi akaniambia, taratibu kabisa, "wewe ulisimuliwa utotoni ukasahau. Hadithi kama hii haitungwi na mtu mmoja."

Nikatoka nimekaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikaenda kwa imamu. Imamu hakubisha hata kidogo. Alisema huenda ni kweli nimetunga, Mungu ndiye ajuaye, lakini watu wanaokuja pale wanamwomba Mungu, hawamwombi Redio, na yeye atasimamaje mimbarini awaambie dua za miaka ishirini zilikuwa mbele ya kaburi la asiyejulikana? Akanishauri nitubu kimya kimya. Ushauri mzuri, ila ulikuwa wa kumfaa yeye.

Akabaki mdogo wangu. Huyu, nikajisemea, damu yangu, ndiye shahidi wangu. Nilimkuta anachekecha mchanga, na kabla sijakaa nikaambiwa na wenzake kwamba kazi ya sakafu amepewa yeye. Nikamwambia twende kwa mhifadhi, aseme anachokijua. Akaendelea kuchekecha.

"Mhamishe, Dada," akasema. "Lidai lile kaburi la ukutani, umhamishe, yaishe."

Nilimtolea maneno ambayo mtu hamtolei mdogo wake. Nilimwambia kauza mpwa wake kwa kazi ya zege. Nilimwambia mama yetu angekuwa hai angemkataa. Hakunijibu, na macho hakuyainua kwenye chekecheo. Nikajua nimepatia, kwamba kimya chake ni aibu ya tamaa. Kwa kujua watu, mimi hodari.

Nikadai kaburi. Kwenye fomu wakataka alama, nikaandika: chini ya mwarobaini, jiwe moja la kichwani. Wakataka jina la shahidi wa mazishi, nikaandika la mdogo wangu. Alitia sahihi bila kusoma.

Walianza na sakafu. Mbele ya kuba kulikuwa na safu ya makaburi madogo ambayo hakuna aliyeyadai. Baadhi ya wenyewe wamekufa, wengine wamehama, na wengine siku zile za kipindupindu walikwisha nyumba nzima. Msimamizi alitaka kuleta mashine isawazishe kwa nusu siku. Mdogo wangu akakataa katakata. Akasema mashine itatikisa kuba, atasawazisha kwa mkono. Akachukua siku sita. Aling'oa jiwe mojamoja akaliweka pembeni, akatandaza mchanga laini aliouchekecha mwenyewe, akatandika juu yake kama anatandika kitanda, ndipo akamwaga zege. Msimamizi alifoka anapotezewa wakati. Mimi nikasema moyoni, huyo ni fundi, acha aringe na ufundi wake.

Siku ya sita nilipita pale na wageni. Niliitazama ile safu inavyofunikwa, nikawahurumia wazazi wa watoto wale, kweli niliwahurumia, kisha nikashukuru. Nilisema kwa sauti, "Alhamdulillahi wangu hayumo humu." Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa na mwiko mkononi, hatua tatu kutoka kwangu. Alinisikia. Aliinama akaendelea kulainisha palepale alipokuwa amekwisha kulainisha.

Wiki iliyofuata ikafika zamu ya ukutani. Safari hii niliapa sitabaki nyumbani na mkeka. Mhifadhi alisema mwenye maiti awepo, na mwenye maiti ni mimi. Nilinunua bafta mwenyewe, nikaikata mwenyewe. Nilikadiria kwa gauni lake la mwisho, lile ninaloliweka chini ya sanduku, nikaongeza kidogo pande zote. Sanda yenyewe ikawa ndogo hivi kwamba niliikunja ikaingia kwenye mkoba wangu wa mkononi.

Saa mbili asubuhi tulikuwa watano: imamu, mhifadhi, mchimbaji, mdogo wangu na mimi. Imamu akasoma. Mchimbaji akaondoa udongo kwa jembe, kisha kwa sepetu, kisha akaingia mwenyewe na kuchota kwa mikono. Aliniambia nisitegemee kikubwa, mifupa ya mtoto ni laini, baada ya miaka ishirini huenda ni vumbi na meno tu. Nikamwambia vumbi ni langu, anipe vumbi.

Akatoa mfupa wa paja. Ulikuwa mrefu. Aliuweka juu ya kitambaa, akautazama, akamtazama imamu, akarudi kuchimba. Akatoa wa pili wa kulingana nao. Kisha akatoa taya, na taya ile ilikuwa na magego, moja limeoza hadi kwenye shina, na mbele palikuwa na pengo la zamani lililokwisha kuziba. Mtoto wa miaka sita hana magego ya namna ile. Chiriku alikuwa na meno ya maziwa, moja likicheza, na alikuwa amenizuia nisiling'oe.

Mhifadhi alifungua faili lake akalifunga. Mimi nikageuka kwa mdogo wangu. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mikono juu ya kichwa.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Siku ile nilichimba makaburi saba, Dada. Yeye tulimzika mbele ya kuba, pamoja na watoto wengine watatu. Uliponiambia nikupeleke, mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Sikujua ni lipi kati ya yale manne." Akashusha mikono kutoka kichwani. "Ulikuwa umekonda, huli, husemi. Nikakuonyesha penye kivuli."

"Na sakafu?"

"Nilidhani ukutani tutakuta vumbi. Ungelizika, ungetulia. Na yeye angebaki alipo, asiguswe na mtu. Nilimfunika mwenyewe, Dada. Polepole."

Miaka ishirini na miwili ya Ijumaa. Nilimpalilia mwanamume mzima mwenye jino bovu. Nilimwimbia. Nilimwambia habari za baba yake, habari za damu yangu kukoma, mambo ambayo hata dada zangu sijawaambia. Na mwanangu alikuwa mbele ya kuba, miguuni pa shekhe, palepale nilipokuwa nasimama kuwadanganya watu, na pengine kisigino changu kilikuwa juu yake. Nilichukua konzi ya ule udongo wa kaburini nikamrushia mdogo wangu usoni. Hakujikinga. Nikachukua nyingine. Imamu akanishika mkono, nikamuuma. Naam, nimemuuma imamu, na sijamwomba radhi.

Mkuki kwa nguruwe. Kaburi lisilo na jina nililitungia mtu wa kuliliwa, nikajiona nimetenda wema. Na mimi nikapewa kaburi lisilo na jina nililie, na aliyenipa alijiona ametenda wema. Nilitaka kumwambia hili lakini sikuweza, sauti ilikuwa imekwisha. Redio nzima, na siku hiyo nilizimika.

Nilimwomba mhifadhi avunje sakafu. Hakunifukuza. Alinieleza kwamba chini yake kuna watoto wanne, mwenyewe wa mmoja ni mimi, na hakuna anayejua ni yupi. Je, wavunje, wawafukue wote wanne, wanipe mifupa nichague? Angekuwa mtu mbaya ningepata wa kumlaumu.

Wakati huo yule mtu alikuwa bado amelala juu ya kitambaa, jua linampanda, na mifupa ikishatolewa haiachwi nje. Mchimbaji aliniuliza afanye nini. Nikafungua mkoba nikatoa sanda. Ilimfunika kuanzia kifuani hadi magotini, ikaishia hapo. Ndipo nilipolia. Mdogo wangu akaondoka, akarudi na bafta ndefu. Tukamfunga, tukampeleka makaburi mapya, nikasimama hapo na wanaume hadi mwisho. Imamu aliuliza marehemu ni nani, kisha akakumbuka. Tukamwombea bila jina.

Choo kimejengwa. Mwarobaini wameukata. Mdogo wangu haji kwangu tena, ila Ijumaa naona chokaa mpya kwenye ukuta wa kuba na najua ni mkono wake. Sijamsamehe. Siku nikimsamehe itabidi nijisamehe na mimi, na bado sijafika huko.

Kazi naendelea nayo, nitakula nini? Wageni wamekuwa wengi kuliko zamani. Ofisi imeweka rafu za viatu juu ya ile sakafu, kwenye ukingo wake, na bango la kuelekeza wavue pale kabla ya kuingia kubani. Wangu hawavui pale. Wangu nawavulisha nje kabisa, langoni, wavuke uwanja mzima pekupeku juu ya changarawe inayochoma. Wananung'unika. Jana mzee mmoja mwenye miguu mibaya aliniuliza kwa nini iwe mbali hivyo, na watembezaji wengine wanawavulisha wageni wao palepale mlangoni. Nikamwambia shekhe aliusia hivyo. Mbele ya kuba lake, nikamwambia, mtu asipite na viatu, na apite taratibu, kwa sababu watoto wamelala.

Akaniamini. Akainama, akakunja suruali yake, akaanza kutembea kwa ncha za vidole.